Saa za Watu

Karani wa Milimani, Bi Nyaboke, hanitazami usoni.
"Marehemu aliacha wasia?"
Natoa kalenda ya mwaka juzi, ya duka la dawa,
ukurasa wa Novemba, na nyuma yake mwandiko wa baba,
herufi ndogo kama meno ya gurudumu la saa:
Duka kwa Syokau. Shamba la Mwala kwa Muthoka na Mbithe.
Redio kwa atakayeitaka.
Ndugu yangu Masila awe wasii.
Chini, sahihi ya Wafubwa, muuza mikanda wa jirani.
Shahidi wa pili: mstari mtupu.

"Shahidi mmoja si mashahidi," anasema,
na kwa kalamu, bila kuigusa karatasi,
ananichorea hewani njia zinazopandana.
Wasia ungesimama, na wasii yupo,
mahakama ingeuthibitisha, naye angepewa hati yake.
Wasia ungesimama, na wasii kafa au kakataa,
mngepewa ninyi usimamizi,
wasia umeshonewa kwenye hati kama kiraka.
"Huu wenu haukusimama.
Kwa sheria, baba yenu alikufa bila kusema neno."

Baba, aliyezitukana saa za watu kwa Kikamba
tangu asubuhi mpaka taa za Luthuli ziwake!

Nikanyamaza. Maiti haulizwi sanda,
ila huulizwa kitambulisho, namba ya kodi, cheti cha kifo,
na barua ya chifu yenye majina ya watoto wote,
hata Mbithe aliye Doha, anayenipigia saa nane usiku
kuuliza kama redio imeshapata mtu.

Wafubwa nilimkuta akitoboa mkanda.
"Nilimwambia tumwite yule wa viatu atie sahihi.
Akasema, kesho."
Akapuliza vumbi la ngozi, hakuongeza kitu.

Duka ni kabati la kioo chini ya ngazi.
Mwenye jengo alitaka liondoke Ijumaa.
Ndani mna saa thelathini na saba,
kila moja na kikaratasi kwa uzi:
jina, simu, *kamani imelegea*, *maji yameingia*.
"Kwa hilo iko hati ndogo, ya muda," alisema Bi Nyaboke,
"ya kukusanya na kulinda. Si ya kugawa.
Unaruhusiwa kushika. Huruhusiwi kusema changu."
Hiyo niliielewa upesi kuliko zote.
Baba aliishi kwayo miaka arobaini.

Baba mdogo Masila alinuna wiki mbili,
kisha akaja na koti la mazishi, akatia sahihi ya udhamini.
Jina la baba likatoka katika Gazeti la Serikali,
kati ya majina ya watu asiowahi kuwatengenezea saa.
Siku thelathini kwa mwenye kupinga.
Muthoka hakulala. "Atatokea mtoto wa nje, utaona."

Siku ya ishirini na sita akatokea mzee wa Kariokor,
mkononi stakabadhi ya mwaka wa tisini na nane,
imekunjwa mpaka imekuwa kama kitambaa.
"Nimesikia fundi hayupo. Sikuja kupinga.
Nimekuja kuchukua saa yangu."

Ilikuwa inakwenda.
Miaka yote hiyo mtu aliitia ufunguo.
Ilikuwa nyuma dakika mbili;
nilihesabu: baba ana wiki tano kaburini,
sikumbuki ni nani kati yetu aliyeigusa.

Sasa imebaki miezi sita, hati ithibitishwe.
Najaza fomu ya mali mezani Kayole:
shamba, kabati, koleo tatu, kioo cha jichoni,
redio (bado haijatakwa).
Kwenye safu ya madeni naandika: saa thelathini na sita.
Bi Nyaboke atanirudishia, najua. Atasema hayo si madeni.
Nitamwachia aifute yeye.